Nyani Hao, Mwali Mwenzangu!

Kule karakana ya matrekta Nachingwea, Kornel alikuwa na mchezo wake mmoja uliofanya nusu ya mafundi wampende na nusu watamani kumfungia ndani ya pipa. Haukuhitaji karata wala kete. Ilitosha watu wawe wamelala chali chini ya katapila bovu, oili ikiwadondokea kwenye paji la uso, ndipo yeye aulize kwa sauti ya mtu anayeuliza saa: "Haya, ukipewa uwezo mmoja tu wa ajabu, unachukua upi?"

"Uwezo wa kukunyamazisha," walimjibu watu wazima. "Na ulete spana."

Aliyekubali kucheza kila siku ni Mbaruku, utingo wa lori, kijana wa kwao Matambarale waliyekua naye wakiibiana miwa. "Mimi," alisema Mbaruku siku moja, akiwa amekaa juu ya tairi, "nataka nikinusa upepo nijue kila chungu kilichoinjikwa Nachingwea nzima kina nini ndani, na kama mwenye chungu ana roho nzuri."

"Huo ni uwezo wa fisi."

"Fisi hajali roho ya mtu. Mimi najali. Sipendi kula kwa watu wachoyo, chakula hakishuki. Wewe je?"

Kornel alibadilisha uwezo kama watu wanavyobadilisha mashati, na shati lenyewe alikuwa nalo moja. Jumatatu aliruka angani. Jumanne alipita ukutani. Siku akiwa na njaa aliamuru mihogo ijichimbe yenyewe na ijimenye ikiwa njiani. Mapadri walimsomesha mpaka sekondari, akajua kwa nini maji huchemka na kwa nini meli ya chuma huelea, na kujua huko kulimwasha mwilini kama upupu. Hakuweza kuona kitu kimetulia asikifungue atazame ndani.

Kazi ya ule mradi wa karanga uliowaleta matrekta Nachingwea ilipopungua na vijana wakaanza kurudi makwao, wengine walirudi na kanga za kuwapa mama zao, wengine na baisikeli. Kornel alirudi na gunia la vyuma chakavu. Alipewa na msimamizi wake, Mzee Kaimu, aliyesema kwamba kama ni kuchagua, afadhali vyuma viondoke na Kornel kuliko Kornel abaki na vyuma. Mbaruku akamsaidia kulipakia kwenye lori, akamshusha njia panda ya Matambarale, dereva akampigia honi ya buriani kama bwana harusi.

Bibi yake, Bibi Valentina, ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Alilipapasa lile gunia, akasikia linavyogongana.

"Mume wangu," alisema, maana kwao bibi humwita hivyo mjukuu wa kiume, na mjukuu hana budi kuitika. "Wanaume wa wenzangu wakitoka kazini wanaleta kitenge. Wewe umeniletea mifupa ya trekta."

"Mifupa hiyo itakupumzisha, Bibi. Ngoja uone."

Bibi alikwisha kuona. Aliona ule mlango wa kujifunga wenyewe kwa kamba na jiwe, uliomfungia nje huku ugali ukiungulia ndani. Aliona na mtego wa panya, uliowaacha panya wote salama ukamnasa jogoo wake. Lakini alimpenda mumewe huyu kupita kiasi. Kila alipoharibikiwa kitu alikwenda kununa jikoni, akamaliza kununa, akarudi kumuuliza ameshiba.

Sasa, shamba la Bibi Valentina lilikuwa chini ya kilima, na kilima kilikuwa cha nyani. Watu walikuwa na hati yao ya kulima na nyani walikuwa na hati yao ya kula, na kila mwaka mahindi yakianza kutoa ndevu pande zote mbili zilikutana kuzisoma hizo hati. Bibi Valentina alikaa juu ya dungu lake, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ili mlinzi aone shamba zima. Ng'ambo ya korongo dogo, juu ya dungu jingine, alikaa Bibi Mwamini, bibi yake Mbaruku.

Wanawake hawa wawili walichezwa unyago mmoja. Baadaye mmoja akaenda kubatizwa, mwingine akabaki na Kurani ya baba yake, lakini ngoma waliyochezwa haikubatizwa wala haikusilimishwa. Wakiwa na wajukuu wenye ndevu bado waliitana "mwali mwenzangu", na kama hukuwaona, ukasikia sauti tu, ungedhani wasichana wametoka ndani wiki iliyopita.

Na walifanya kazi ya kulinda kama mtu mmoja aliyegawanywa. Bibi Valentina macho yake yalikuwa ya mwewe, ila magoti yamekwisha. Bibi Mwamini miguu yake ilikuwa ya swala, ila macho yameingia ukungu. Ng'ambo ya korongo aliona rangi tu, sura hakuziona. Basi mmoja aliona, mwingine akakimbia.

"Nyani hao, mwali mwenzangu! Mnyapara amewatangulia, wanakuja kwako upande wa mihogo!"

Mnyapara ndiye dume lao kubwa. Walimpa jina hilo kwa sababu alitembea mbele amejaza kifua, hakubeba kitu, na alikula wa kwanza.

"Namwona!" alijibu Bibi Mwamini, ambaye hakumwona hata kidogo, huku tayari yuko chini ya ngazi na fimbo mkononi. "Shenzi wee! Rudi kilimani kwenu! Eti, mwali mwenzangu, Fatu kajifungua?"

"Kajifungua! Wa kike!"

"Anafanana na nani?"

"Na Mnyapara!"

Wakacheka mpaka nyani nao wakasimama kusikiliza.

Hapo pana jambo la kulielewa. Matambarale, mtu akiona nyani wanatoka shambani kwake kuelekea kwa jirani, lazima amwite jirani kwa jina. Ni sheria ambayo hakuna aliyeiandika na hakuna asiyeijua. Na mtu akiwaona nyani wanakwenda kwako akakaa kimya, basi amekuambia kila kitu. Huko watu hawana haja ya kuja mlangoni kwako kukutukana kwamba ujirani umekwisha. Wanakunyamazia tu, nawe unaelewa, unatafuta mahali pengine pa kulima.

Kornel alilijua hilo tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Lakini mwaka ule alichokisikia ni kikohozi. Bibi yake alishinda juani kutwa akipiga kelele, jioni akirudi sauti imekauka, anakohoa, anashuka ngazi kinyumenyume huku akiyasemesha magoti yake kama anawabembeleza watoto.

"Ningepewa uwezo," Kornel alisema mchana mmoja wakichoma mahindi chini ya dungu, "ningewaamuru nyani wote waondoke. Neno moja tu. Ondokeni! Kwisha."

Bibi Valentina aligeuza hindi lake kwenye makaa. "Waende kwa nani?"

"Popote."

"Hiyo popote inalimwa na nani?"

"Bibi, huu ni mchezo tu. Katika mchezo hawaendi kwa mtu."

"Basi ni mchezo mzuri," alisema Bibi. "Nyani wenyewe wameshaufahamu?"

Kornel alicheka, akamega hindi. Usiku ule alilifungua gunia.

Mashine ilimchukua siku kadhaa za kujikata vidole. Alisimamisha nguzo katikati ya shamba, juu yake akafunga ringi ya baisikeli iliyowekwa beringi za trekta ili izunguke bila kulalamika. Kwenye ringi alifunga mapanga ya bati la debe, ya kukamata upepo wa kusi ulioshuka kilimani kila asubuhi. Ringi ikizunguka ilizungusha minyororo yenye nati nzito mwishoni, nati zikapiga pipa tupu la oili upande huu, na upande ule zikapiga sahani ya jembe la trekta. Sahani hiyo ilikuwa na sauti kama kengele ya misheni iliyopandwa na majini.

Akaipa jina Radi. Kisha, kwa kuwa hakujua kuacha, akaongeza kitu kimoja. Alikusanya mabua, akatengeneza mtu wa mabua, akamvisha kanga nyekundu kuukuu ya Bibi, akamkalisha juu ya dungu. Nyani wakitazama waone mwenyewe yupo. Bibi Valentina akatazamana na nafsi yake kwa muda.

"Mbona umenipa kiuno chembamba hivi?"

"Nimekutengeneza kwa kukumbuka ulivyokuwa, Bibi."

"Wewe ulinikuta hivi hivi. Muongo mkubwa." Lakini alifurahi, na akaenda nyumbani kupumzika.

Asubuhi ya kwanza upepo ulipoamka, Radi ilinguruma. Kanga wa porini waliruka. Mbuzi wa jirani alikata kamba. Mnyapara mwenyewe, aliyekuwa ameshaingia mistari ya mbele na hindi moja mdomoni, alilitema hindi, akasahau ukubwa wake, akakimbia akiwapita wake zake na watoto. Watu walikuja kuitazama mashine mpaka kutoka upande wa Ruangwa. Wakaziba masikio, wakatikisa vichwa, wakasema kwa kupiga kelele, kwa sababu vinginevyo usingesikika: "Kijana ana akili!" Kornel alisimama pembeni amekunja mikono, akijaribu kufanya uso wa mtu ambaye hajafanya kitu, na akashindwa vibaya.

Siku zile zikawa tamu. Bibi Valentina alikaa nyumbani anatwanga, anasuka ukili, kikohozi kikapoa. Shamba halikupoteza hata hindi moja. Jambo moja tu lilimkera.

"Mwali mwenzangu haji kunitazama," alisema. "Mtu akikosekana kwenye dungu, hivi huulizwi hata kama umekufa?"

"Labda ana wivu na mashine," alisema Kornel, kwa wepesi wa mtu anayefukuza nzi.

"Mwamini? Wivu?" Bibi aliacha kutwanga. Tangu hapo mchi ulishuka kwa nguvu kuliko mtama ulivyostahili.

Lori la Mbaruku lilipita na shehena ya kwenda Mandawa, naye akapata ruhusa ya kushuka amsalimie bibi yake wakati dereva anakula. Alikuwa na samaki wakavu ndani ya jani la mgomba. Alikwenda kwa bibi yake akitembea, akatoka akikimbia, na samaki bado anao mkononi. Alimkuta Kornel chini ya Radi akizipaka beringi mafuta ya nyonyo.

"Kornel!"

"Sema kwa sauti!"

"NASEMA! Bibi yangu anahama!"

Kornel alimvuta mpaka nyuma ya kichuguu, mahali ambapo angalau waliweza kusikilizana. "Anahama kwenda wapi?"

"Mandawa, kwa kaka yake. Amefunga mizigo, anasubiri lori letu. Hujaliona shamba lake? Limebaki mabua, Kornel. Wamekula upande wote wa korongo, umebaki ule mstari wa mihogo na mahindi ya huko juu."

"Nyani?"

"Hapana, mapadri! Nyani, bwana! Unadhani hii ng'ombe yako ya bati ikiwafukuza wanakwenda kuungama?"

Kornel alichungulia kando ya kichuguu, akayaona mabua matupu ng'ambo ya korongo. Hata hivyo alikuwa msomi, na msomi akibanwa huanza kwa kujitetea. "Mimi sikuwatuma."

"Hukuwatuma. Umewasindikiza. Lakini si nyani wanaomhamisha. Nyani anawajua. Anahama kwa sababu ya bibi yako."

"Bibi amefanya nini?"

"Si yule pale!" Mbaruku alinyoosha mkono wenye samaki kuelekea kwenye dungu, ambako kanga nyekundu ilikuwa imekaa kwa utulivu mkubwa. "Siku zote hizi amekaa pale pale. Bibi yangu anamwona. Nyani wanapita chini ya miguu yake kwenda kumla mwenzake, na yeye kimya. Bibi yangu anasema alimpungia mkono. Alimpungia tena. Yule hata kichwa hakugeuza. Amekwenda ndani, amelia, anajiuliza alikosa nini. Anasema, kama amenyamaziwa na Valentina, hana haja ya kumaliza msimu hapa."

Kornel aliitazama kanga. Mbaruku, ambaye macho yake hayakuwa na ukungu wowote ila hasira, akaitazama pia, vizuri safari hii.

"Mbona... kiuno kile..." alisema.

"Ni mabua," alisema Kornel.

Nyuma yao Radi iliendelea kushangilia kazi yake.

"Unajua," alisema Mbaruku taratibu, "watu wanagombanishwa na wachonganishi. Lakini mchonganishi wa mabua sijawahi kumsikia."

Walikimbia kwa Bibi Mwamini. Alikuwa mlangoni, mkeka umekunjwa, sufuria zimefungwa kwenye shuka, na uso wake mdogo umenyooka kama wa mtu aliye msibani. Kornel alipiga magoti, akaeleza yote bila kupumua: kanga, mabua, upepo, beringi, kikohozi cha Bibi. Bibi Mwamini alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mume wangu," alisema, maana na yeye alimwita hivyo, wakimgombania na mwenzake tangu anyonye, "wewe ni mtoto mzuri. Umekuja kumfunika bibi yako. Ndivyo inavyotakiwa."

"Simfuniki, Bibi! Haki ya Mungu, yule ni mabua!"

"Sawa. Lakini sikunyamaziwa na wewe. Nilinyamaziwa kutoka pale juu. Kama kuna wa kusema, aseme kutoka pale juu, kwa mdomo wake." Akainua shuka lenye sufuria, akalitua kichwani. "Mbaruku, twende barabarani. Dereva wako hasubiri wazee."

Kornel alirudi mbio mpaka nyumbani. Njiani akili yake ya shule iliendelea na kesi. Nyani wamekula kwa sababu wao ni nyani. Upepo umevuma kwa sababu ni upepo. Bibi amepumzika kwa sababu ameambiwa apumzike. Chuma hakina nia. Kila aliyemleta kizimbani alitoka huru, na kila alipotazama amebaki nani, alikuwa amebaki kijana mmoja mwenye mafuta ya nyonyo mikononi. Popote. Alisema popote, na popote alikuwa na jina, alikuwa na mkeka umekunjwa, na alimwita mume wangu.

Bibi Valentina aliposikia, hakupiga kelele. Alitupa mchi, akaanza kutembea kuelekea shambani kwa yale magoti yake, akichechemea, mpaka Kornel akamwinua akambeba mgongoni kama alivyobebwa yeye.

"Kazime kwanza shetani lako," Bibi alimwambia sikioni walipofika. "Nitaitaje katika kelele hii?"

Hapo ndipo Kornel alipogundua upungufu wa mashine yake. Kule karakana, trekta likiingia tu, kitu cha kwanza Mzee Kaimu alichokikagua kilikuwa breki. Kornel alikagua breki za matrekta ya watu mpaka akaota breki. Na mashine yake mwenyewe aliipa mapanga, akaipa minyororo, akaipa na jina. Namna ya kuisimamisha hakuipa.

Alirusha gunia, Radi ikalitafuna, ikalitema. Akarusha jiwe; jiwe likapiga sahani, kelele ikaongezeka. Akavua shati lake, lile moja, akalitupa kwenye mapanga, likazunguka nayo likipeperuka kama bendera ya sikukuu. Mwishoni alichukua mti wa kuchokolea maembe, akauchomeka kati ya ringi na nguzo, akaning'inia nao kwa uzito wake wote. Nati moja ikamgonga juu ya jicho. Kitu kikakatika. Pipa likaanguka, likabingirika mpaka korongoni, kisha kukawa kimya hata mtu akasikia majani ya mahindi yanavyosuguana.

Bibi Valentina alikuwa ameshaanza kupanda ngazi peke yake kwa mikono. Kornel akamsukuma kutoka chini, na mara akasikia kishindo: mtu wa mabua ametupwa chini kichwachini.

"Toka kwenye nafasi yangu, mwanamke mbaya wee," Bibi alikuwa anamwambia. Kisha akasimama, akashika nguzo ya dungu, akaita. "Mwali mwenzangu!"

Ng'ambo ya korongo, njiani kuelekea barabarani, watu wawili wadogo walikuwa wanatembea, mmoja na shuka kichwani. Hawakusimama.

"Mwali mwenzangu! Mwamini! Ni mimi!"

Yule mwenye shuka alipunguza mwendo. Hakugeuka. Sauti ya Bibi Valentina, iliyopumzishwa siku zote zile, ilipasuka katikati. Kwa mbali honi ya lori ikalia mara moja, kwa haraka. Kornel alimwona bibi yake akifungua mdomo atafute la kusema, na hana. Utamwambia nini mtu aliye mbali hivyo? Samahani haina masafa marefu.

Mnyapara, kwa upande wake, alikuwa amesikia kimya. Hakuwa nyani wa kupoteza nafasi. Alishuka kutoka kilimani amejaza kifua, kundi zima nyuma yake, akatazama pale ambapo jini la chuma lilikuwa likinguruma, akaona halingurumi, akapiga hesabu zake, na akaona mahindi ya karibu na yaliyobaki laini ni yale ya juu, ng'ambo, karibu na mihogo.

Bibi Valentina akamwona. Na maneno yakaja yenyewe.

"Nyani hao, mwali mwenzangu! Mnyapara huyo! Wanakuja kwako upande wa mihogo!"

Bibi Mwamini alikuwa bado hajaamua kusamehe. Baadaye aliapa kwamba alikuwa hajaamua. Ila miguu yake haikumngoja. Shuka lilianguka njiani, sufuria zikatawanyika zikilia, na mwanamke yule akawa tayari anakata mbio kuvuka mabua, fimbo ameokota wapi hakuna ajuaye.

"Wapi?" alipiga kelele. "Wapi, Valentina?"

"Kushoto kwako! Kushoto! Nyuma ya kichaka! Hapo hapo, mpige!"

"Shenzi wee! Mla vya watu! Mbaruku, mzunguke!"

Mbaruku akamzunguka na samaki wake wakavu, akawarusha wote mmoja mmoja kwa kukosa mawe. Kundi likageuka, likarudi kilimani, Mnyapara nyuma kabisa safari hii, na kipande cha samaki mkononi akikinusa kwa dharau.

Bibi Mwamini alisimama katikati ya mabua yake akihema, mikono kiunoni, akielekeza uso kwenye ile rangi nyekundu ya mbali ambayo sasa ilikuwa inapunga mkono kama kichaa.

"Ulininyamazia!" alipiga kelele.

"Nilikuwa nyumbani natwanga! Yule alikuwa mabua!"

"Mabua yenye kanga yako!"

"Amemvisha mumeo!"

"Mumeo wewe! Wangu asingefanya ujinga kama huo!"

"Basi mchukue wewe umfunze!"

"Nitamchukua!"

 Kisha kutoka ng'ambo kikaja kitu kilichoanza kama kikohozi na kikageuka kuwa kicheko, na juu ya dungu Bibi Valentina akakaa chini, akajifuta macho na pindo la kanga, akacheka naye. Lori lilipiga honi tena, likaondoka bila utingo wake.

Hivyo Kornel akachukuliwa, na haikuwa mzaha. Aliyewapitisha nyani ndiye hulinda, na mahindi ya Bibi Valentina yalipovunwa yakagawanywa mafungu mawili yaliyo sawa, moja likavushwa korongo kichwani mwa Kornel, safari baada ya safari. Msimu wote uliobaki alikaa kutwa juu ya dungu la Bibi Mwamini, akawa macho yake. Radi ilibaki vipande. Beringi zake zikatumika kwenye gurudumu la kisima cha misheni, na mbao na vyuma vilivyobaki vikafanywa ngazi pana kwenye dungu la Bibi Valentina, yenye vipandio vya chini chini na mahali pa kushika, ambayo magoti yake yaliisifu hadharani. Bibi alimuuliza kama ngazi hiyo ina breki.

Mbaruku alifika tena na lori, akapanda juu ya dungu la bibi yake. Alimkuta Kornel ameinamisha kichwa, uso kati ya viganja, huku sauti mbili zikivuka hewani kutoka upande huu na ule, zikipita juu ya kichwa chake kama ndege.

"Mwali mwenzangu! Aurelia wa kwa Teofili unamwonaje?"

"Mzuri! Lakini ataweza kukaa na mtu anayefungua vitu?"

"Tumwambie afiche sufuria!"

"Na miguu je? Mumeo ana miguu myembamba, watoto watatoka kama korongo!"

"Mumeo wewe! Kwangu alikuwa mnene!"

Mbaruku alikaa, akamkata kipande cha muwa. "Haya, bwana fundi. Ukipewa uwezo mmoja tu leo, wa ajabu, unachukua upi?"

Kornel hakuinua kichwa. "Kuziba masikio," alisema, "bila mtu kuona nimeyaziba."

Kisha akanyoosha shingo ghafla, akaliangalia lile korongo, akasimama na kujaza kifua hewa.

"Nyani hao, Bibi Mwamini! Upande wa mihogo!"